Je, wajua kwa nini waigizaji wa Ireland walikamatwa Philadelphia kwa mchezo wa kuchekesha?

Januari 1912, waigizaji wa Abbey Theatre ya Dublin walikamatwa mjini Philadelphia, Marekani, wakituhumiwa kuonyesha mchezo unaokiuka maadili. Mchezo huo ni The Playboy of the Western World wa John Millington Synge, aliyefariki 1909. Na waliopiga kelele zaidi walikuwa Waairishi wenzao: wahamiaji na watoto wa wahamiaji.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana Christy anaingia kwenye kilabu cha pombe kijijini, magharibi mwa Ireland, akisema amemuua baba yake kwa kumpiga sepetu kichwani. Badala ya kumwogopa, watu wanamfanya shujaa, na wasichana wanamletea mayai na siagi. Mara baba anatokea, yu hai, kichwa kimefungwa bendeji! Christy anampiga tena, safari hii mbele ya macho ya kijiji kizima, na wale wale waliomshangilia wanamfunga kamba.

Mchezo ulizua ghasia Dublin tangu 1907. Lakini ng'ambo kulikuwa na kidonda kingine. Kwa miaka mingi majukwaa ya Marekani yalimchora Mwairishi kama mlevi na mgomvi asiye na akili, na wahamiaji walikuwa wakipigania heshima yao. Sasa kundi kutoka nyumbani linaleta walevi wanaomsifu muuaji wa baba! Naielewa hasira yao, ingawa naamini Synge hakuwadharau watu wale: kicheko chake kinawapa lugha tamu kuliko ya matajiri.

New York, Novemba 1911, waigizaji walirushiwa viazi. Lady Gregory, mmoja wa waanzilishi wa Abbey, aliyeongoza safari ile, aliwaambia waendelee. Wafanya fujo walipotolewa nje, sehemu ya kwanza ikaigizwa upya ili watu waisikie. Baadaye Theodore Roosevelt, rais wa zamani, alikuja kutazama akiwa pamoja na Lady Gregory. Kesi ya Philadelphia nayo ilitupwa, baada ya wakili John Quinn kuwatetea.

Mwaka 1998 mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mchezo The Beauty Queen of Leenane wa Martin McDonagh, ulioanza Galway, Ireland, mwaka 1996, ulifika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, na kuzoa tuzo nne za Tony, tuzo za maigizo za Marekani. Mwongozaji wake, Garry Hynes, akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya uongozaji wa mchezo usio wa muziki. Humo binti, Maureen, anamchoma mama yake mkono kwa mafuta ya moto, dakika chache baada ya ukumbi kuvunjika mbavu kwa kicheko. Michezo ya namna hii huharibika mwigizaji akiigiza kwa kutafuta kicheko, hasa mbele ya wageni. Maureen lazima amchukie mama yake kwelikweli, hata anapomkorogea uji.