Unataka kusomea wanyamapori? Anza na miguu yako

Matokeo ya fomu siksi yakitoka tu simu yangu haitulii, wadogo zangu wananiuliza kaka nataka kusomea wanyamapori nijiandaeje, na wengi wanakuwa wameshakariri majina ya kisayansi kibao. Majina utafundishwa, usiwe na haraka nayo. Kitu ambacho naona vijana wanafika nacho kidogo sana ni kutembea, kusoma ramani na kuhesabu, na kazi yetu kwa sehemu kubwa ndo hiyo.

Vyuo vipo. Mweka pale Kilimanjaro kilifunguliwa 1963, miaka miwili baada ya Nyerere kutoa lile tamko la Arusha la 1961 kuhusu wanyamapori (sio Azimio la 1967, watu wanachanganya) ambamo alisema wazi kwamba kuhifadhi kunataka utaalamu na watu waliofundishwa. Kuna Pasiansi Mwanza kwa askari wa wanyamapori, Likuyu Sekamaganga kule Namtumbo kwa uhifadhi wa jamii, na SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro kwa digrii. Sifa za kujiunga soma kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka wako, za mtaani achana nazo.

Sasa turudi kwenye miguu. Nenda uwanja wa mpira, pima mita 100 kwa futi kamba, tembea kawaida kama mara kumi hivi uhesabu hatua, halafu tafuta wastani wako na uandike, ndo utakaopimia umbali ukiwa porini. Chukua na ramani ya 1:50,000, ile ile ya jiografia, sentimita 2 ni kilomita 1, toka nayo nje uone kilima kilichochorwa ndo kipi. Mimi fildi yangu ya kwanza nilipewa mstari wa kilomita 2 niufuate kwa dira, nikaishika dira mkono mmoja na panga mkono mwingine, chuma kikavuta sindano, nikatokea mbali kabisa na wenzangu na data ya asubuhi nzima ikatupwa. Iliniuma sana. Panga likae mbali na dira, tafadhali.

Huo mstari kazi yake ni hii: ukitembea kilomita 2 na unaona vizuri mita 100 kila upande, umekagua kilomita za mraba 0.4. Ukihesabu swala 12 hapo maana yake ni 30 kwa kila kilomita ya mraba, lakini vipi kama nusu ya eneo ni kichaka na umeona wale wa sehemu ya wazi tu? Hapo ndo takwimu inaingia, na hapo ndo wengi wanalia mwaka wa kwanza kwa sababu walikuja wakijua hesabu wameziacha fomu foo. Rudia wastani, asilimia na grafu kabla hujaripoti chuoni.

Nyayo nazo anza nazo nyumbani. Mbwa anaacha alama za kucha, paka haachi, ni hivyo hivyo kwa fisi na simba. Tembo ndo mtamu zaidi, zungusha kamba kwenye ukingo wa unyayo wa mguu wa mbele, ule wa duara, zidisha mara mbili, umepata kimo chake begani kwa makadirio mazuri tu, na mnyama mwenyewe hujamwona.

Halafu watu. Kama kwenu ni jirani na hifadhi, mwombe afisa wanyamapori wa wilaya akuruhusu umfuate siku akienda kukagua shamba lililoliwa na tembo. Mzee mmoja alinishika mkono katikati ya mahindi yaliyolazwa chini akaniambia, mwanangu, ng'ombe wangu akiingia kwa jirani nalipa, tembo wenu akiingia kwangu analipa nani? Serikali inatoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumia au kuuawa, ila hiyo sio fidia na mzee analijua hilo kuliko wewe. Nilichoweza kumfanyia siku ile ni kupima kwa haki, ekari kijijini ni hatua 70 kwa 70, nikazunguka shamba lote pamoja naye tukihesabu kwa sauti, na zilipogongana hatua zangu na zake tukarudi mwanzo wa mstari tukaanza upya.