Fizikia na viumbe hai: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Fizikia ni ya mawe na mashine, mwili waachie watu wa biolojia.

Mgawanyo huo ni wa ratiba ya masomo tu. Francis Crick, mmoja wa waliotambua umbo la DNA, molekuli inayobeba urithi, mwaka 1953, alisomea fizikia.

Dhana: Neva ni waya wa umeme.

Hii imeota mizizi, na si ajabu, maana umeme kweli umo. Ila hakuna elektroni zinazotimua mbio kutoka kidoleni hadi ubongoni. Karibu mwaka 1850 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alipima kasi ya taarifa katika neva ya chura, akapata takriban mita 30 kwa sekunde, yaani mwendo wa gari kwenye barabara kuu. Kinachotokea ni hiki: ioni (atomi zenye chaji ya umeme) za sodiamu hupenya utando wa neva na kuingia ndani, kisha za potasiamu hutoka, na msukosuko huo huamsha sehemu ya jirani, kama moto unavyotambaa kwenye nyasi kavu. Wanasayansi Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliuandikia milinganyo mwaka 1952, baada ya kupima neva nene ya ngisi. Huxley aliikokotoa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono!

Usidharau volti 0.07 zilizopo kati ya pande mbili za utando huo. Unene wake ni nanomita chache tu, kwa hiyo uga wa umeme ndani yake, yaani volti zikigawanywa kwa unene, unazidi volti milioni 10 kwa mita. Hewa hutoa cheche kwenye milioni 3.

Dhana: Bakteria huogelea kama samaki.

Samaki akiacha kupiga mkia, bado huteleza mbele. Bakteria wa mikromita 2 akisimamisha mikia yake, hukwama kabla ya kuvuka hata upana wa atomi moja. Kwa udogo ule, maji humnata kuliko asali inavyomnata mtu. Mwanafizikia Edward Purcell alionyesha miaka ya 1970 kwamba humo, kupunga mkia huku na huku kwa njia ileile hakukusogezi popote. Ndiyo maana mikia ya bakteria wengi huzunguka kama parafujo.

Dhana: Sisimizi angelingana na mtu, angenyanyua gari.

Asingesimama hata. Mkuze mara 100 kila upande: nguvu ya misuli huongezeka mara 10,000, uzito mara 1,000,000. Galileo alishaieleza hesabu hiyo kwa mifupa mwaka 1638.