Miguu ya Mzee: Maswali na Majibu Kuhusu Nguvu, Kizunguzungu na Kuanguka

Baba ana miaka 71, presha na sukari viko sawa, ila siku hizi akiinuka barazani lazima ashike nguzo. Si uzee tu huo?

Uzee umo, lakini mkosaji mkubwa ni mapaja yaliyokosa kazi. Msuli huanza kupungua taratibu mtu akiwa na miaka thelathini na kitu, na baada ya 60 hupungua kwa kasi zaidi, wa miguu ukitangulia wa mikono. Mzee anayekaa tangu kahawa ya asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, bao likiendelea, anajiona amepumzika, kumbe mapaja yameshinda bure. Msuli wa mtu wa miaka 80, hata 90, bado huongezeka nguvu ukipewa kazi, kwa hiyo ile kauli ya "mwacheni, ni mtu mzima" huwalaza wengi kitandani kabla ya siku zao.

Mpimeni nyumbani. Wekeni kiti kigumu chenye kimo cha sentimeta 45 hivi, mgongo wake ukigusa ukuta kisiteleze. Mzee akunje mikono kifuani, asimame wima kisha akae, mara tano mfululizo, haraka awezavyo, na mmoja wenu ahesabu sekunde kwa simu. Zikipita 15, au akishindwa bila kushika kitu, miguu ni dhaifu na hatari ya kuanguka ni kubwa. Mtu asimame ubavuni mwake muda wote.

Afanye mazoezi gani? Anaona haya kurukaruka mbele ya watu.

Hana haja ya kuruka. Zoezi la kwanza ni kile kipimo chenyewe: kuinuka na kukaa. Aanze na mara 8, apumzike dakika moja au mbili, arudie tena mara 8. Siku tatu kwa wiki zinatosha, zikipishana na siku za mapumziko. Mwanzoni asukume kiti kwa mikono miwili, baada ya wiki chache mkono mmoja, kisha aache kabisa. Kushuka kuwe kwa polepole, kwa kuhesabu tatu. Wazee wengi hujibwaga kitini, na wakijibwaga nusu ya zoezi imepotea, maana paja hufanya kazi nyingi linapoushusha mwili.

La pili, asimame nyuma ya kiti na kuinua visigino mara 10. La tatu ni la kutoyumba: aweke mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, abaki hivyo sekunde 10 karibu na ukuta, kisha abadilishe mguu.

Kutembea kunahitajika pia, walau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Hata hivyo, matembezi ya upepo wa bahari kule Raskazone mjini Tanga, kwenye njia tambarare, ni mazuri kwa moyo na presha kuliko yalivyo kwa mapaja; hayachukui nafasi ya zoezi la kiti. Aliyezoea baiskeli, na Tanga ni mji wa baiskeli, aendelee maadamu anapanda na kushuka bila kuyumba. Inajenga paja, ingawa mifupa hainufaiki sana kwa sababu uzito wa mwili umebebwa na tandiko.

Na swala je? Rakaa za fardhi kwa siku ni 17. Mwenye kuswali kwa kusimama huinuka kutoka chini mara 17, ukihesabu na kuinuka baada ya salamu. Hilo ni zoezi zito kuliko watu wanavyodhani. Asiyeweza ana ruhusa ya kiti, lakini anayeweza asihamie kitini kwa sababu tu wenzake wa rika lake wamehamia.

Aache zoezi mara moja akipata maumivu ya kifua, pumzi ikimkata au kichwa kikizunguka. Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Goti kuvimba si kawaida.

Bibi hana meno. Anakula bada (ugali wa muhogo) kwa mchuzi, jioni uji wa muhogo. Anashiba lakini amekonda sana.

Anashiba wanga. Muhogo hauna protini ya maana, na msuli hujengwa kwa protini. Mzee anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, kwa hiyo mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8, kikombe cha kunde au choroko zilizopikwa kina kama 13, na kipande cha samaki aliyepikwa kinachoenea kiganjani kina 20 au zaidi. Zigawanywe katika milo mitatu. Kumlisha samaki mzima mchana, kisha chai ya rangi na andazi usiku, hakuleti faida ileile.

Bada asinyimwe, kibadilike kinachoambatana nayo. Changu au kibua achambuliwe miiba na kuvurugwa ndani ya tui. Choroko zipondwe. Dagaa wakavu wasagwe, na vijiko viwili vya chakula vilivyojaa vikikorogwa kwenye mchuzi huongeza takriban gramu 10 za protini, pamoja na kalsiamu ya mifupa yao. Tatizo ni chumvi. Dagaa wa baharini huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke kwenye maji ya moto, uyamwage, uwaanike tena hadi wakauke, ndipo usage. Chumvi yote ya siku, ya mboga na ya samaki, isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo hakuna nafasi ya papa mkavu kila siku. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla daktari hajamwambia kiasi.

Halafu mpimeni uzito. Kilo 60 zikiwa 57 ndani ya miezi sita bila yeye kutaka, hilo si suala la mchuzi tena. Kifua kikuu, kisukari, saratani, sonona na hata vidonda vya mdomoni huanza hivyo.

Mama akiamka alfajiri anaona giza na kuyumba. Tumeambiwa ana presha ya kupanda; inakuwaje tena ishuke?

Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Ukisimama, damu huteremkia miguuni, na mishipa inapaswa kujibana haraka ili ubongo usikose damu. Uzeeni mishipa huchelewa, na dawa za presha, kukosa maji au kisukari cha miaka mingi huichelewesha zaidi. Kuipima ni hivi: alale dakika tano, apimwe, asimame, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, jibu mmelipata. Vituo vingi humpima mgonjwa akiwa amekaa tu, kwa hiyo ombeni apimwe na amesimama.

Awe na glasi ya maji kando ya kitanda, ainywe kabla ya kuinuka. Akae ukingoni kwa dakika mbili, akikunja na kukunjua nyayo mara 20 ili damu irudi juu, kisha asimame akiwa ameshika kitu na ahesabu kumi kabla ya hatua ya kwanza. Dawa ya kukojoza, kama amepewa, kwa kawaida humezwa asubuhi. Ikimezwa jioni itampeleka chooni gizani mara tatu. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto la Tanga humkausha mzee bila yeye kuhisi kiu, hivyo apewe maji kwa saa bila kungoja ayaombe. Mkojo wa rangi ya chai unaonyesha amechelewa. Mwenye moyo au figo dhaifu aulize kiwango chake. Dawa ya presha isiachwe kwa uamuzi wa nyumbani.

Kuna dawa za dukani zinazomdhuru mzee?

Zipo, na tatu zimezoeleka nyumbani mwetu. Diklofenaki, inayonunuliwa kwa maumivu ya magoti, hupandisha presha, huumiza figo na inaweza kutoboa tumbo. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Piriton inayomezwa ili kupata usingizi humkausha mdomo, humfungia choo na mkojo, na humchanganya akili. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, hukaa mwilini mwa mzee kwa siku kadhaa, hivyo ya jana usiku humwangusha leo mchana. Anayeitumia kwa muda mrefu apunguziwe taratibu na daktari, asiikate ghafla. Kila akienda kliniki, abebe dawa zote mfukoni, pamoja na za miti shamba.

Chooni na bafuni tubadilishe nini?

Anzeni na sakafu. Saruji laini yenye ukungu na povu la sabuni huteleza kama pweza. Isuguliwe kwa brashi ngumu kila wiki. Fundi wa kuchomelea atengeneze mshikio wa bomba la chuma la inchi moja na robo, lenye mabamba pande zote mbili, lifungwe kwa boliti zinazopenya ukuta mzima, sentimeta 80 hadi 90 juu ya sakafu anaposimama. Msumari peke yake utang'oka siku atakapouhitaji. Choo cha kuchuchumaa kipate kiti imara kilichotobolewa katikati, na kwa udhu aketi kwenye kigoda badala ya kusimama mguu mmoja juu ya karo.

Choo kikiwa uani, taa ya sola iwekwe njiani na kopo la usiku chumbani. Kandambili zilizoisha soli zitupwe. Makubazi yenye mkanda wa kisigino ni salama zaidi. Kanzu au dira linalofagia chini lipunguzwe upindo.

Ameanguka. Tumnyanyue?

Msimvute. Mwacheni apumue, mumuulize panapouma. Mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, au hawezi kabisa kuukanyagia, huenda nyonga imevunjika. Asichuliwe, asinyooshwe. Abebwe amelala juu ya ubao au godoro gumu hadi hospitali yenye eksirei. Mjini Tanga ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Kila siku ya kulala bila tiba huleta nimonia, damu kuganda na vidonda vya mgongo.

Kama hakuna kilichovunjika, ainuke mwenyewe kwa maelekezo: ageukie ubavu, ajiegemeze kwenye kiwiko, apige magoti, atambae hadi kwenye kiti, aweke mikono juu yake, atangulize mguu wenye nguvu, asukume, kisha ageuke akae.

Akiwa amegonga kichwa, mwangalieni kwa wiki kadhaa. Damu inaweza kuvuja taratibu, hasa akiwa anatumia aspirini au wafarini (dawa za kuzuia damu kuganda), na usingizi mzito, kichwa kuuma au mkono kulegea kukaja siku nyingi baadaye.

Jana alikuwa mzima, leo anaita waliokufa na sisi ametusahau. Ni shetani?

Mpelekeni hospitali leo hii. Mzee anaweza kuwa na malaria, nimonia au maambukizi ya mkojo bila homa yoyote, akili ikavurugika kwanza. Sukari iliyoshuka hufanya hivyohivyo, hasa kwa anayemeza glibenklamaidi, dawa ya kisukari, akiwa amefunga. Akiwa mwenye kisukari na bado anaweza kumeza, apewe maji ya sukari mkiwa njiani.

Tukifika tuseme nini?

Ulizeni dirisha la wazee. Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa hupunguza mabishano. Mwandike kwenye karatasi mambo manne: ameanguka mara ngapi mwaka huu, alikuwa akifanya nini alipoanguka, uzito wake wa sasa na wa zamani, na sekunde zake za kiti.