Nchi inayoshika zamu haitawali Ulaya

Kila baada ya miezi 6, nchi nyingine hushika uenyekiti wa Baraza la Umoja wa Ulaya, na kila mara husikika kwamba sasa ndiyo “inayoongoza Ulaya” na itapitisha itakacho. Si kweli.

Mwenyekiti huendesha vikao vya mawaziri na kutafuta maafikiano. Miswada huletwa na Kamisheni, chombo cha utendaji cha umoja huo. Kwa mambo mengi, hoja hupita ikiungwa mkono na angalau nchi 15 kati ya 27, zenye angalau asilimia 65 ya watu wa umoja mzima. Hata vipaumbele hupangwa pamoja na nchi nyingine mbili, katika mpango wa miezi 18.

Julai 2024, siku chache baada ya Hungaria kupokea zamu, Viktor Orbán, waziri mkuu wake wakati huo, alikwenda Moscow. Viongozi wenzake walitamka wazi kwamba hakuwa na idhini ya kuusemea umoja.

Nguvu iliyopo, nami naiona kubwa kuliko inavyodhaniwa, ni ya kuamua suala lipi lijadiliwe mapema na lipi lisubiri. Mwanzoni mwa 2025 Poland iliutanguliza usalama kwa njia hiyo: wa mipaka, wa nishati, hata wa chakula.