Ncha ya mchora ramani: yanayosemwa na yalivyo

Ukikuta kichongeo cha zamani cha penseli, cha wachora ramani za nyumba, ndani ya sanduku la vitu vya babu, au kimelala katikati ya mitumba, huenda usikitambue. Ni kikopo kizito kinachoenea kiganjani, chenye kifuniko kinachozunguka na tundu lililo pembeni kidogo ya katikati. Wembe hauonekani popote. Wengine hukidhania kisagio cha pilipili manga, na wanaokijua nao mara nyingi wamekisikia nusu nusu. Mimi navipenda vifaa hivi, na inaniuma kuona vinatupwa na watu ambao hawakuelezwa vilifanya nini.

"Ndani ya penseli kuna risasi"

Hapa lugha yenyewe imetuchanganya. Wazee waliiita penseli kalamu ya risasi, kama Waarabu wasemavyo *qalam rasas*, na mtoto aliyetafuna ncha aliogopeshwa kwamba ataugua kwa sumu. Risasi haimo. Kilichomo ni kinywe, yaani grafiti, madini yaleyale yanayopatikana Mahenge na Ruangwa huko Tanzania, yakasagwa, yakachanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa tanuruni.

Kosa la jina lilianzia mbali. Karne ya 16, watu wa Borrowdale huko kaskazini mwa Uingereza walipata jiwe jeusi laini linaloacha alama, wakaliona ni jamii ya risasi. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alionyesha kuwa ni kaboni. Miaka kumi baadaye Mjerumani Abraham Gottlob Werner akalipa jina jipya, grafiti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuandika, lakini jina la kale lilikuwa limeshazoeleka midomoni.

Habari ya udongo inamhusu sana mwenye kuchonga. Vita vilipowakatia Wafaransa kinywe cha Uingereza, Nicolas-Jacques Conté alianza kuchanganya unga wa kinywe na udongo, na mwaka 1795 akapata hataza ya njia hiyo. Udongo ukizidi, kiini, ile sehemu nyeusi ya kuandikia, kinakuwa kigumu: hizo ndizo penseli zenye alama H. Ukipungua, kinakuwa laini na cheusi: hizo ni zenye alama B. Kiini cha 4H hutunza ncha kwa mistari mingi. Cha 2B hubutuka upesi na kukijaza kichongeo vumbi, na hapo watu hukilaumu chombo bure.

"Ncha kali kuliko zote ndiyo bora"

Dhana hii ndiyo imeharibu michoro mingi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kwenye ramani ya nyumba, unene wa mstari ni maneno. Ukuta uliokatwa huchorwa kwa mstari mzito, mistari ya vipimo huwa myembamba, na kilichojificha huonyeshwa kwa vipande vipande. Mchoraji akianza ukuta kwa ncha nyembamba na kuumaliza kwa ncha iliyolika, ukuta mmoja unasema mambo mawili. Ndiyo maana vichongeo hivi vilitengenezwa: vimpe mchoraji ncha ileile asubuhi na jioni, mara ya kwanza na mara ya arobaini.

Ncha kama sindano haifanyi kazi hiyo. Inavunjika inapogusa karatasi, au inachimba mfereji ambao ufutio hauwezi kuuondoa. Weusi wa kinywe unatoka, mkwaruzo unabaki. Mchoraji mzoefu akishachonga huigusisha ncha kwenye karatasi chakavu huku akiizungusha, aondoe kile kiunywele cha mwisho. Kisha anaifuta vumbi. Akipiga mstari kando ya rula, huiviringisha kalamu taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada ili ncha ilike pande zote sawasawa.

Watengenezaji walilijua hili. Tazama kikopo cha Mars 502 cha Staedtler, kampuni ya Nuremberg, Ujerumani: juu yake kuna vitundu viwili vya kupimia urefu wa kiini kabla ya kuchonga. Kimoja kinakupa ncha ndefu iliyochongoka, kingine ncha butu zaidi. Kando kuna kipande laini cha kufutia vumbi. Mtu anayeamini ukali peke yake atakitumia kitundu kimoja maisha yake yote, na nusu ya chombo itakuwa imempita.

Kuna na jambo la nakala. Kabla ya mashine za sasa, ramani ilichorwa kwenye karatasi inayopitisha mwanga, ikalazwa juu ya karatasi yenye dawa, kisha mwanga ukapitishwa. Mstari ulipaswa kuwa mweusi wa kutosha kuuzuia mwanga. Mstari wa ncha kali mno, mwembamba na wa kijivu, ungeonekana safi mezani halafu ukafifia au kutoweka kabisa kwenye nakala aliyopelekewa fundi.

"Kichongeo cha shule kingetosha"

Cha shule kimeundwa kukata mbao na kiini kwa pamoja, na kinatoa koni fupi. Wachora ramani walitaka kiini kirefu kitokeze. Kwa penseli za mbao walikuwa na kichongeo maalumu kinachomenya mbao tu na kukiacha kiini kikiwa kizima, ambacho baadaye hunolewa peke yake. Wengi waliohamia kwenye kishikio, ile kalamu ya chuma au plastiki yenye taya zinazobana kiini cha milimita 2, hawakuwa tena na mbao ya kukata. Hapo ndipo kikopo kinapoingia: unachomeka kishikio tunduni, unazungusha kifuniko, na kiini kinatembea kwa mshazari kikisuguana na meno ya chuma au ukanda wa msasa ulio ndani. Vumbi hubaki humo humo, mbali na karatasi nyeupe.

Kishikio hiki kisichanganywe na penseli ya kubofya ya milimita 0.5. Hiyo haichongwi kabisa.

"Msasa ulikuwa wa wasio na uwezo"

Kile kibao kidogo chenye karatasi za msasa zilizopangwa tabaka, unazochana moja moja zikichakaa, kilikaa pia kwenye meza za waliokuwa na vichongeo vya bei kubwa. Sababu ni bikari. Kiini cha bikari hunolewa upande mmoja kwa mshazari, kama patasi, ili duara litoke na unene ule ule mwanzo hadi mwisho. Kichongeo cha kuzungusha kinajua koni tu, patasi hakiwezi. Wengine walitumia tupa ndogo laini kwa kazi hiyohiyo, na mimi naona tupa ni bora, maana haiachi chembe za mchanga.

"Kompyuta ndiyo iliyoviua"

Kompyuta ilivimalizia. Pigo la kwanza lilitoka Japani miaka ya 1960, viini vyembamba vilivyoimarishwa kwa utomvu wa plastiki vilipoingia sokoni. Mtu aliweza kununua kalamu ya 0.3, ya 0.5 na ya 0.7, kila moja na unene wake wa mstari, bila kunoa chochote. AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, ilipotolewa mwaka 1982, vikopo vingi vilikuwa vimeshaanza kulala kwenye droo.

"Kikigoma, kitie mafuta"

Tafadhali usifanye hivyo. Mafuta yakikutana na vumbi la kinywe yanakuwa tope jeusi, tope linapanda kwenye kiini, na kiini kinalipeleka moja kwa moja kwenye karatasi. Kichongeo kinachoteleza bila kukata kwa kawaida kimeziba tu. Fungua kifuniko, mwaga vumbi nje ya chumba, kisha sugua meno kwa mswaki mkavu kufuata mwelekeo wake. Kama ndani ni ukanda wa msasa na umekuwa laini, kata mwingine mwembamba kwa umbo lilelile na ukae vizuri ukutani mwa kikopo. Rudisha kiini cha 2H, pima urefu wake kwenye kitundu, zungusha pole pole bila kukandamiza. Mkwaruzo utaanza kwa sauti nzito, na ncha ikikaribia kuwa tayari utausikia unalainika hadi mkono hauhisi tena ukinzani. Hapo acha, futa ncha, uiguse kwenye karatasi chakavu.