Je, wajua kwa nini mifupa aliyoifukua Mary Anning ilibeba majina ya wengine?

Februari 1824, jijini London, mchungaji William Conybeare alisimama mbele ya Chama cha Jiolojia akaeleza habari za plesiosauri, mtambaazi wa baharini mwenye mapezi manne na shingo ndefu ya kustaajabisha. Mifupa yake ilikuwa imepatikana karibu yote, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Aliyeifukua alikuwa Mary Anning wa mji wa Lyme Regis, kusini mwa Uingereza. Conybeare hakumtaja.

Wengi hujibu kwamba ni kwa sababu alikuwa mwanamke. Ni kweli, na chama kile hakikupokea wanawake kuwa wanachama hadi 1919. Lakini mimi naona jibu hilo ni nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba Mary alikuwa mchuuzi.

Alizaliwa 1799. Baba yake, fundi seremala, alikuwa akiokota visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, na kuwauzia wageni waliokuja kupunga upepo wa bahari. Alipofariki mwaka 1810 aliiachia familia madeni, na yale mawe yakawa ndiyo riziki. Mwaka uliofuata kaka yake Mary, Joseph, aliona fuvu kubwa la ikthiosauri, mtambaazi wa kale wa baharini mwenye umbo la samaki. Mary, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akaupata mwili wake. Waliuza kwa pauni 23 kwa bwana mwenye ardhi, naye akautoa ukaingia jumba la maonyesho London, na mwaka 1819 ukanunuliwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza.

Hapo ndipo jina lilipopotelea. Daftari la makumbusho huandika kitu kimetolewa na nani au kimenunuliwa kwa nani, na mtaalamu aliyekieleza kiumbe huandikwa kando ya jina la kisayansi. Aliyelowa mvua ufukweni hana mstari wake. Tajiri angeweza kulitunza jiwe nyumbani, likaitwa mkusanyo wake. Mary hakuwa na nafasi hiyo, kwa kuwa jiwe zuri kuliko yote ndilo lililolipa deni kubwa kuliko yote.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya hatari. Majabali ya Lyme ni tope la bahari ya kale, la miaka kama milioni 200, lililoganda tabaka juu ya tabaka. Dhoruba za majira ya baridi huyabomoa na kuvianika visukuku, kisha mawimbi huvizoa. Kwa hiyo alilazimika kwenda wakati ule ule ardhi inapoporomoka. Mwaka 1833 maporomoko yalimuua mbwa wake, Tray, hatua chache kutoka aliposimama.

Mchuuzi pia hushukiwa haraka. Georges Cuvier wa Paris, bingwa wa mifupa wa zama zile, alipoona mchoro wa plesiosauri alidhani shingo ile imeungwa. Tuhuma hiyo ingeshikilia, duka la Mary lingekufa siku hiyo hiyo. Baadaye Cuvier alikiri kwamba alikosea.

Naye hakuwa muuzaji wa kuuza asichokijua. Alinakili makala za wataalamu kwa mkono na kuwapasua samaki na ngisi wa siku zake ili awalinganishe na wale wa mawe. Aliona kwamba vijiwe fulani hupatikana tumboni mwa ikthiosauri na kwamba ukivivunja hutoka mifupa ya samaki. William Buckland wa Oxford akahitimisha kuwa ni kinyesi kilichogeuka jiwe, naye, kwa heshima yake, alimshukuru Mary.

Kwetu pia yametokea. Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimbiwa na watu wetu mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, yaani dinosauri, iliyoko Berlin hadi leo. Msimamizi mmoja wa kazi ile, Boheti bin Amrani, jina lake lilipewa dinosauri mmoja, Australodocus bohetii, mwaka 2007.

Mwaka 1839 jarida moja la London lilichapisha barua fupi ya Mary. Mtaalamu alikuwa amesema kisukuku cha papa aina ya Hybodus ni ugunduzi mpya. Mary alimsahihisha: yeye alikwisha kuwaona papa wa namna hiyo miaka mingi nyuma.