Maji na Upelelezi wa Jinai: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kitu kikishatumbukizwa majini, ushahidi umekwisha.

Ukweli: Maji huondoa chumvi za jasho zilizomo katika alama za vidole, lakini mafuta ya ngozi hayayeyuki majini, na kuna mchanganyiko wenye unga laini wa molibdeni disulfidi unaonata kwenye mafuta hayo na kuidhihirisha alama hata juu ya kitu kilicholowa. Isitoshe, maji huweza kumwachia mhalifu alama yake. Mwaka 1991, huko Connecticut, Marekani, vijana waliwashambulia watoto wawili waliokuwa wakivua samaki bwawani, wakawaburuta majini ili wafe, lakini watoto hao wakanusurika. Wataalamu walichunguza kwa hadubini matope yaliyoganda kwenye viatu vya washukiwa na vya watoto, wakayalinganisha na ya bwawa. Spishi za daiatomu, yaani mwani mdogo mno wenye ganda la silika, pamoja na mwani mwingine, zilioana kote. Spishi moja isingetosha kuthibitisha lolote. Uzito wa ushahidi ulikuwa katika mchanganyiko mzima.

Dhana: Aliyekutwa na maji mapafuni amekufa maji.

Ukweli: Maji huweza kupenya mapafuni hata mwa mtu aliyekwisha kufa kabla ya kutupwa, hasa mwili ukikaa kwenye kina kirefu. Ndiyo maana daktari hutazama mbali zaidi ya mapafu. Mtu anayevuta maji ilhali moyo wake ungali unapiga, daiatomu hupita mapafuni, zikaingia katika damu na kusambazwa hadi kwenye uboho wa mifupa. Maabara huuyeyusha uboho kwa asidi kali, na kwa kuwa silika haiyeyuki humo, maganda hubaki.

Hata hivyo, wapo wanaovuka mpaka upande wa pili na kudhani kuwa daiatomu zikionekana, kesi imekwisha. Jambo hili limebishaniwa na wataalamu tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwani daiatomu zimo pia katika chakula, hewani na hata katika vyombo vya maabara visivyosafishwa vyema. Kwa maoni yangu, mpelelezi asiyechota sampuli ya maji ya mahali pa tukio mapema, ili daiatomu zake zilinganishwe na za mwilini, ameunyima uchunguzi wake nusu ya thamani yake. Kutopatikana kwa daiatomu nako hakuthibitishi kwamba mtu hakufa maji, kwa kuwa baadhi ya maji huwa nazo chache katika majira fulani.

Dhana: Mwili ulipopatikana ndipo ulipotumbukizwa.

Ukweli: Mkondo, upepo na kupwa na kujaa kwa maji huusogeza.

Dhana: Maji ni yaleyale popote.

Ukweli: Mvua inavyozidi kuingia bara na kupanda milimani, ndivyo oksijeni nzito, yaani aina ya oksijeni yenye atomi nzito kuliko za kawaida, inavyopungua ndani yake, na tofauti hiyo hupita katika maji ya kunywa hadi kwenye nywele, ambazo hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Mabaki ya mwanamke yaliyopatikana katika jimbo la Utah, Marekani, mwaka 2000 yalichunguzwa hivyo, nywele zake zikaonyesha maeneo alimoishi katika miezi yake ya mwisho. Hazikutoa jina lake, lililojulikana mwaka 2012, bali zilipunguza eneo la kutafuta. Kwa mtu aliyezoea maji ya chupa yaliyosafirishwa kutoka mbali, kipimo hicho hutumiwa kwa tahadhari kubwa zaidi.